Programu Yangu Inamtambua Mkaguzi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimetukanwa. Tena kwa barua yenye muhuri. Ushirika wa wafugaji wa Isinya unaniarifu kwamba programu yangu ya kupanga zamu za josho lazima "ikaguliwe na mtaalamu" kabla ya kuanza kutumika. Mtaalamu! Na mimi niliyeiandika ni nani, mlinzi? Miezi saba, peke yangu, nyuma ya duka langu hapa Kitengela, katikati ya mashine ya fotokopi na mitungi ya maji. Hakuna aliyenifundisha. Sina digrii hata ya kufungia maandazi.

Naandika hapa ili siku wakisimulia habari zangu wasikosee. Mfugaji anatuma meseji kwa simu yoyote, hata kabambe ya vitufe. Anajibu maswali matatu: jina lake, boma liko wapi, ng'ombe ni wangapi. Programu inapiga hesabu na kumrudishia siku na saa ya kuleta ng'ombe kuogeshwa dawa ya kupe. Hakuna foleni. Hakuna kupigana fimbo kama mwaka jana. Ikipita ukaguzi, napewa majosho yote kumi na moja ya ushirika. Isipopita, narudi kufotokopi vitambulisho mpaka nizikwe. Mpaka leo nimefotokopi vitambulisho 9,316. Sirudi.

Mkaguzi anaitwa Nashipae. Miaka ishirini na sita! Amesomea Nairobi. Amekuja kujitambulisha na daftari na kalamu tatu. Mtu wa kalamu tatu hajiamini.

Jumanne, 6 Mei

Amekagua. Ametuma meseji: jina "Sungura", boma "Mwezini", ng'ombe 0. Programu ikazimika. Nikaiwasha. Akatuma ng'ombe 99999. Ikazimika. Akatuma neno "wengi" mahali pa namba. Ikazimika, na safari hii ikazima na taa ya mashine ya fotokopi, sijui kwa nini. Akaandika kitu daftarini. Anatabasamu akiandika.

Nikamuuliza ni mfugaji gani mwenye akili atakayeleta ng'ombe sifuri kwenye josho. Ataogesha nini, kamba? Akasema watu wataandika chochote, Bwana Muthama, na kazi yake ni kuwa hao watu kabla hawajafika. Akasema dawa yake ni mistari miwili tu: programu isipoelewa, imjibu mtu kwa adabu, imwombe aandike tena.

Kwa adabu! Programu yangu iombe radhi kwa Sungura wa Mwezini!

Nimekataa. Munyiva aliposikia wakati wa chakula akauliza, kama ni mistari miwili, si niandike tu tulale? Nikamweleza mke wangu kwamba huu ni msimamo. Akasema basi msimamo uje uoshe sufuria.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata! Ilinijia nikinyoa ndevu, nikajikata.

Programu haina kasoro. Kwa watu wa kweli inafanya kazi vizuri sana. Shida ni kwamba haijui inapokaguliwa. Kila mtu mwenye akili timamu akijua anakaguliwa hubadilika. Mwalimu akiona mkaguzi wa shule getini, anavaa tai. Mwenye hoteli akisikia watu wa afya wameonekana mtaani, anatafuta kofia nyeupe. Kwa nini programu yangu peke yake ikae kama zuzu? Ijue! Ivae tai!

Basi. Meseji ikitoka kwa namba ya simu ya Nashipae, programu isijisumbue kufikiri. Itoe jibu lililo tayari: "Asante. Zamu yako ni Jumanne saa tatu asubuhi, josho la Isinya. Karibu." Na isimwandike kwenye foleni, maana Sungura hana ng'ombe. Na hilo nimelitoa kwake mwenyewe. Alisema jana kwamba vitu vya majaribio visichanganywe na foleni ya kweli. Namtii kabisa, huyo binti.

Imenichukua mistari arobaini na saba. Yeye alitaka miwili. Ndiyo tofauti ya fundi na mwanafunzi.

Alhamisi, 8 Mei

Amerudi. Meseji tisa kwa simu yake, sifuri juu ya sifuri, na majibu tisa, hata sekunde mbili hazikwisha. Nyusi zake zikapanda. Nikaegemea kiti.

Halafu huyo mwanamke akachungulia mlangoni, akaomba simu ya mama anayeuza matunda nje. Sungura. Mwezini. Sifuri.

Ikazimika.

Akamrudishia mama simu yake, akanunua parachichi kwa shukrani, akalila taratibu kwenye kiti changu. Akaniuliza kama programu yangu inabagua simu. Nikamwambia ni mtandao. Akasema pole kwa mtandao. Hiyo pole haikuwa pole.

Ijumaa, 9 Mei

Kosa nimeliona. Simu huazimwa. Jina la kijinga haliazimwi! Mkaguzi hawezi kujizuia kuandika majina ya kijinga, ni ugonjwa wa kazi yao. Nimeandika orodha ya majina 312 ambayo hakuna mkaaji wa kaunti hii anayeitwa hivyo: wanyama, matunda, sayari, vyombo vya jikoni. Kalunde, binti yangu wa darasa la tano, ameongeza majina ya walimu wake. Nimeyatoa. Programu sasa ikiona Sungura, Sufuria au Nyanya, inavaa tai.

Nimelala vizuri mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 12 Mei

Amekuja na majina ya wajomba zake wote. Wajomba saba, ng'ombe sifuri kila mmoja. Programu imezimika mara saba. Akasema mjomba Saruni ananisalimia.

Ameniambia nina siku mbili, baada ya hapo anaandika ripoti. Siku mbili! Niko na saa arobaini na nane kati ya majosho kumi na moja na kitambulisho cha 9,317.

Akiwa mlangoni akageuka, akaniuliza kama nimewahi kumuuliza mzee wa huku, uso kwa uso, ng'ombe wake ni wangapi. Nikamjibu mimi ni mtu wa kompyuta, uso kwa uso si kazi yangu. Na kwetu Machakos babu yangu alihesabu mbuzi kila jioni kwa sauti kubwa, hata jirani alijua wakipungua. Akacheka, akaenda zake. Watu wa digrii hucheka wakikosa jibu.

Saa kumi jioni. Nimepata tena! Iko hapo hapo, nimeikalia wiki nzima. Simu atabadilisha. Jina atabadilisha. Lakini swali la tatu ndilo linalomvua nguo kila mara! Sifuri. Moja. 99999. "Wengi". Hakuna mfugaji wa kweli anayejibu hivyo. Mwenye ng'ombe mmoja hasafiri hadi josho, anamkwangua kupe kwa mkono akiongea naye. Kwa hiyo: mtu akijibu sifuri, moja, zaidi ya elfu tano, au akiandika maneno mahali pa namba, huyo ni mkaguzi. Apewe jibu lake la Jumanne saa tatu, asiguse foleni.

Nzuri sana. Inanitisha hata mimi.

Jumatano, 14 Mei

IMEPITA!

Ametuma meseji 52. Simu sita, za kuazima mtaa mzima. Sifuri, moja, "hakuna", "njoo uone". Haikuzimika hata mara moja. Alipoandika namba za maana, ishirini, thelathini na tano, akapewa siku mbalimbali kama inavyopaswa. Aliuliza kwa nini hao wa ajabu wote wamepewa Jumanne saa tatu. Nikamwambia hesabu ni rahisi: ng'ombe sifuri na ng'ombe sifuri ni ng'ombe sifuri, wote wanaenea saa moja. Akafunga daftari. Akasema kwa karatasi, imepita.

Kwa karatasi! Sasa ilitakiwa ipite kwa nini, kwa ngozi?

Ripoti ina kurasa mbili. Wa kwanza unasema imepita. Wa pili una kichwa "Tahadhari kuhusu swali la tatu". Nimeukunja mara nne, nikauweka chini ya mguu wa meza. Meza haichezi tena. Wivu una faida zake.

Jumamosi, 17 Mei

Uzinduzi, Isinya. Hema, kreti za soda, mchungaji akaomba dakika kumi na tisa. Wafugaji wamejaa hadi nje ya hema. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Parmuat, alinisimamisha mbele, akawasalimu watu. "Sopa!" Wakaitikia "Ipa!" kwa nguvu hadi nikashtuka.

Nikaeleza. Swali la kwanza, jina. Wakaandika. Swali la pili, boma. Wakaandika, vijana wakiwasaidia wazee. Swali la tatu, ng'ombe ni wangapi.

Wazee wakatazamana. Mmoja alikohoa. Mwingine akarudisha simu mfukoni kana kwamba nimemuuliza ana chupi ya rangi gani. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikadhani hawasikii. Mzee Parmuat akawaambia kitu kwa Kimaasai, wakacheka, vidole vikaanza kubonyeza. Yeye mwenyewe akatuma wa kwanza. Jibu likaingia kabla hajashusha mkono. Makofi!

Akanipiga bega. "Ero, kijana, kumbe huyu Mkamba wetu ana akili!" Sikuchungulia alichoandika. Mambo ya mtu na simu yake.

Nashipae alikuwa amesimama kando ya kreti za soda, akinitazama kama mtu anayeona mtoto akikimbia na glasi. Nikamwinulia chupa yangu.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Nimefungua kompyuta kuona matunda ya kazi yangu.

Meseji zilizoingia: 214. Walioandikwa kwenye foleni: 3.

Nimehesabu tena. Watatu. Mwalimu Gichuru, ng'ombe wanne. Khisa wa duka la dawa za mifugo, wawili. Na mimi mwenyewe, niliyeandika kumi na tano kuwaonyesha mfano, na sina hata ndama.

Wengine 211 programu imewashika. Wote wakaguzi! Nimesoma majibu yao moja moja. "1". "1". "0". "1". "Wapo." "Wa kutosha." "1". "Mungu anajua." "Wa baba." "1". "Unauliza kwa nini?" Na Mzee Parmuat, ambaye ng'ombe wake wakivuka barabara dereva anazima gari na kusoma gazeti, ameandika "1".

Nimeelewa. Ni Nashipae! Amepanga kaunti nzima. Amewafundisha wazee, akina mama, hata mchungaji (ameandika "baraka"), wanikague kwa siri siku ya uzinduzi wangu. Wakaguzi mia mbili na kumi na moja dhidi ya mtu mmoja asiye na digrii. Na nimewatambua wote! Hakuna programu Nairobi inayoweza kufanya hivyo. Asilimia 98.6!

Munyiva aliporudi kanisani akauliza, je, kama hao ni watu tu? Nikamwambia haiwezekani kwa hesabu. Akauliza, je, wakija na ng'ombe wao Jumanne saa tatu kama walivyoambiwa? Nikamwambia, Mama Kalunde, mkaguzi haji na ng'ombe.

Jumanne, 20 Mei

Walikuja na ng'ombe.

Lemein, mhudumu wa josho, alinipigia saa mbili na dakika arobaini. Alikuwa amechanganya dawa ya ng'ombe ishirini na mmoja, kama orodha yangu ilivyosema. Aliuliza kwa upole sana kama nimetoka nje ya nyumba leo, na kama ninaona vumbi.

Nilifika kwa bodaboda hadi pale ilipowezekana, halafu kwa miguu, halafu kwa kusukumwa. Ng'ombe kutoka pande tatu. Ng'ombe kwenye uwanja wa shule, ng'ombe kwenye lango la shamba la maua, fahali mmoja ndani ya hema ambalo halikuwa limeondolewa tangu Jumamosi. Wenye ng'ombe wote wananyoosha simu. Simu zote zinasema Jumanne saa tatu. Lori la maua limekwama katikati, dereva anapiga honi, na ng'ombe hawajui honi ni nini. Barabara kuu ya Namanga imefungwa kwa saa moja na dakika arobaini. Nilipima.

Nikaamua kusaidia. Nilipanda juu ya tangi la maji, nikaanza kuhesabu ng'ombe kwa kidole, kwa sauti, ili nipange upya. Nilikuwa nimefika 1,380 nilipotazama chini. Watu wote wananitazama. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na tangi akanyoosha fimbo yake, akakishusha kidole changu polepole, kama anafunga mlango wa kanisa.

Hata hivyo nilikuwa na kadirio. Elfu nne na ushee. Josho linaogesha sitini kwa saa. Ni saa sitini na saba bila kulala. Nikamwendea Mzee Parmuat nikampa hesabu hiyo, nikidhani atafurahi kupata jambo la uhakika. Hakufurahi. Aliniambia nikakae kwenye kreti, na nisihesabu chupa.

Kufikia saa tisa walikuwa wameondoka wote. Kila mmoja alipiga mluzi, akaita majina, ng'ombe wake wakajitoa kundini wakamfuata. Elfu nne! Bila kompyuta hata moja. Bahati tu.

Jumatano, 21 Mei

Mkutano wa ushirika. Agenda moja: mimi.

Mzee Parmuat alianza vizuri, hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisema huku mtu hasemi idadi ya ng'ombe wake mbele ya watu, wala hahesabiwi na mgeni aliyesimama juu ya tangi. Akiulizwa, anaandika "1" aonekane ameheshimu swali. "Wewe kijana, ukipoteza mbuzi unajua umebaki na tisini na tisa," akaniambia. "Mimi nikipoteza ng'ombe najua ni yule mwekundu mwenye pembe moja, na najua alionekana mwisho wapi. Sasa nani kati yetu amehesabu vizuri?"

Watu wakapiga makofi. Hata Lemein, ambaye nilimnunulia soda.

Nikajitetea. Nikasema programu ilifanya kazi yake barabara, ilimtambua kila mtu aliyejibu kama mkaguzi, na kama wafugaji wanapenda kujibu kama wakaguzi, lawama si ya programu. Nashipae akaomba ruhusa kusoma ukurasa wa pili wa ripoti yake. Ulikuwa unasema yote haya, ni neno "tangi" tu lililokosekana. Mwenyekiti akauliza nakala yangu iko wapi. Nikasema iko mahali salama.

Majosho yote kumi na moja amepewa yeye. Ameshabadilisha swali la tatu: "Utahitaji nusu ya asubuhi au asubuhi nzima?" Na mtu akiandika kisichoeleweka, programu inamwomba kwa adabu arudie. Mistari miwili. Programu yangu, jasho langu la miezi saba, sasa inaomba radhi kwa watu!

Nikitoka akanifuata hadi nje, akaniambia nisikate tamaa, mimi ni fundi mzuri, ila ninaandika kwa ajili ya kumshinda mtu mmoja badala ya kuwahudumia mia mbili. Nikamwambia nimesikia. Nimesikia kweli. Sikusema nimekubali.

Kitambulisho cha 9,317 nimekifotokopi saa kumi. Kilitoka cheusi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekaa siku mbili nikitafakari, na ninakiri: nilikosea.

Mimi si mtu wa kiburi. Mzee Parmuat amenifungua macho. Mfugaji wa kweli hataji idadi. Anaandika "1", anaandika "wapo", anaandika "Mungu anajua". Nani basi anayeandika namba kamili, safi, isiyo na wasiwasi? Mkaguzi peke yake! Ilikuwa wazi tangu mwanzo, nilishika tu upande usiofaa. Nimegeuza kanuni yote juu chini. Sasa mtu akitoa namba ya ajabu, ni mtu wa kweli, aingie kwenye foleni. Akitoa idadi kamili, ni mkaguzi, apewe jibu la Jumanne saa tatu na asiguse kitu. Mistari sitini na mbili. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi.

Na sihitaji tena ushirika wao. Leo asubuhi nimeenda kwa chama cha wafugaji wa kuku hapa hapa Kitengela. Wanachama 180, wanataka programu ya kupanga siku za chanjo. Mwenyekiti wao, Bi. Caroline, amenipokea na chai. Sikuwa nimemaliza hata kukaa akaanza kunisomea kutoka daftari lake: kuku wa mayai 1,240, majogoo 36, vifaranga 415, mayai ya jana 1,102, manne yamepasuka. Akasema wanachama wake wote huandika hivyo, kila jioni, hadi kuku wa mwisho.

Nikanywa chai yangu nikimtazama juu ya kikombe.

Mkaguzi. Nimemtambua siku ya kwanza.